Mfanyakazi wa Nusu Bei

Mimi nilikuwa nusu bei, na nilijua. Sitaki mtu anionee huruma kwa hilo. Sokoni nyanya zikianza kulainika muuzaji anazishusha, na mtu wa miaka hamsini na saba aliyekaa nyumbani miezi kumi na minne bila kazi anashushwa vilevile. Tofauti yangu na nyanya ni kwamba ile nusu yangu nyingine ililipwa na serikali.

Ulikuwa mpango wa ofisi ya ajira. Mwajiri akimchukua mtu aliyevuka hamsini na tano, ambaye hajafanya kazi kwa zaidi ya nusu mwaka, anarudishiwa nusu ya mshahara anaomlipa kwa siku mia na themanini. Siku hizo zikiisha anamchukua moja kwa moja, na bima ya afya juu, yake na ya mwenzi wake. Akimfukuza kabla ya hapo bila sababu, anarudisha kila alichopewa na jina lake linafutwa kwenye mpango. Ila mfanyakazi akiondoka kwa hiari yake, mwajiri hana kosa, na kesho yake anaweza kupewa mzee mwingine. Hapo pa mwisho mimi nilipasoma mara moja nikapita. Rukaya alipasoma vizuri.

Rukaya ni Mtanzania mwenzangu, mtu wa Tanga kama mimi, mdogo wangu kwa miaka kumi na minne. Ana kampuni ya kutunza wazee majumbani, na ofisi yake iko Mesquite, pembeni ya Dallas huku Texas, nyuma ya maghala. Mimi nilikuwa nimefanya kazi Plano, mji wa jirani, miaka kumi na moja, kwenye ofisi kubwa, nikipanga madai ya wateja, mpaka mabosi walipoamua kazi ya idara yetu nzima ifanywe na kompyuta. Nika-apply kila mahali. Wanakupigia simu, sauti zao asali tupu, halafu ukiingia mlangoni wakaona mvi zinachungulia kwenye mtandio, asali inakatika. "Tutakujulisha." Mpaka leo hawajanijulisha.

Kwa hiyo Rukaya aliponikuta kwenye shughuli ya akika akaniambia, "Shikamoo da Kidawa, njoo ofisini kwangu, kuna mpango wa watu wa rika lako," nilimwitikia marahaba ya moyoni kabisa. Nikamwona mtoto wa nyumbani mwenye adabu zake. Na shikamoo yake ilikuwa na mbwembwe! Anaitoa kwa sauti inayofika maegesho ya magari, anainama kidogo, wateja Wamarekani wanatazama wanatabasamu. Nilianza kazi tarehe nne Machi, mwaka 2019, kupanga ratiba za watunzaji na kukagua karatasi zao za saa.

Hiyo nusu bei haikuninyima usingizi. Nilichokuwa nakitaka ni bima. Mume wangu, Majaliwa, alikuwa dereva wa malori makubwa mpaka presha ya macho ilipomshusha kwenye usukani. Jicho la kulia limekwenda. La kushoto daktari alisema linaokoleka akifanyiwa upasuaji kabla mwaka haujaisha; ukipita hapo, hana ahadi. Na bila bima hospitali haikutupa hata tarehe. Basi nikabandika kalenda kwenye friji, nikaandika namba kila siku, moja mpaka mia na themanini. Mia na themanini iliangukia tarehe thelathini Agosti. Siku hiyo niliizungushia wino mwekundu. Majaliwa alikuwa anaisogelea kalenda mpaka pua inagusa karatasi, analitafuta lile duara jekundu, akiliona anacheka kama mtoto.

Miezi mitatu ya kwanza Rukaya alikuwa mtu. Nilipoingia mwezi wangu wa nne kazini akaja Clothilde.

Clothilde ni mama wa Kikongo, mtu wa Bukavu, ana miaka sitini. Alikuja ofisini kuchukua karatasi zake za kodi, akanikuta kwenye meza yake ya zamani. Alisimama akaiangalia ile meza, akaniangalia mimi, akasubiri msichana wa mapokezi atoke.

"Uko siku ngapi, mama?"

"Ya tisini na tisa."

"Mie niliishia mia na hamusini na moya." Akanisogelea. "Huyu hafukuzake mutu. Anakusumbuaka mupaka unatoka weye mwenyewe. Mbele yangu kulikuwa Mogaka, ule Mukenya. Naye alitoka mwenyewe."

Nilimwambia Rukaya ni mtoto wa nyumbani. Clothilde akasonya, akaondoka.

Wiki tatu baadaye Rukaya akanijia. "Da Kidawa, shikamoo. Naona macho yako yanachoka na kompyuta. Nimekuhamishia kule nyuma utulie."

Kule nyuma ni stoo. Nepi za wazee, glavu, na maboksi ya sabuni mpaka darini. Dirisha hakuna, kiyoyozi hakifiki, na ulikuwa mwezi wa saba Texas, joto ambalo hata Tanga hatulijui.

"Marahaba. Kiti kipo?"

"Kitakuja, dada."

Hakikuja. Nilikaa juu ya boksi la nepi siku kumi na mbili, karatasi za saa mapajani. Siku ya kumi na tatu nikaja na kiti changu kutoka nyumbani, kile cha kukunja cha pikiniki, nikakipitisha katikati ya ofisi huku nawasalimia wote mmoja mmoja. Rukaya alinitazama, akageukia kompyuta yake.

Akaanza kunituma kuziba nafasi za watunzaji wasiotokea. Leo Fort Worth, kesho Garland, kumgeuza mzee wa kilo mia kitandani, mimi na mgongo wangu huu. Nikaenda. Akaanza kunirekebisha mbele ya wasichana wadogo, hapa umeandika vibaya, pale umechelewa dakika nne. Nikarekebisha. Halafu siku moja, ofisi imejaa watu, akanishika bega akasema kwa ile sauti yake ya huruma, "Dada yangu, ukiona umri umekutupa mkono, sema tu. Kupumzika si aibu."

Nikamwambia, "Mwanangu, nikipumzika mimi, utaidai kwa jina la nani ile nusu?"

Kule kwenye mapokezi mtu alikohoa. Rukaya akacheka, lakini macho hayakucheka, na toka siku hiyo tulijuana. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo, nami nikamwitikia marahaba, na wote wawili tulikuwa tunahesabu siku zilezile.

Usifikiri sikutamani kuondoka. Nilitamani kila nilipoliona lile geti la ofisi. Kuna siku nilikaa kwenye gari maegeshoni nalia kwa hasira, nimeandika ujumbe wa kuacha kazi, kidole kiko juu ya simu. Nikamkumbuka Majaliwa na pua yake kwenye kalenda. Nikaufuta. Nikajisemea, thubutu, hunitoi hapa, wewe binti, labda unibebe.

Sasa sikiliza alivyonitoa.

Siku ya mia na sitini na tatu, Jumanne, nimetoka kuswali alfajiri, simu ikalia. Rukaya. Nikajua ananituma Fort Worth. Nikapokea nimekunja sura. Nikasikia kilio.

"Da Kidawa, mama ameniacha. Mama amekufa, da Kidawa, sina mtu wa kumuosha."

Mama yake, sote tulimwita Bi Mkubwa, alikuwa anaishi Houston, kwenye nyumba za kupanga kule Sharpstown, na binti wa kumwangalia. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu kwenye harusi, mwanamke mfupi, mcheshi, mtu wa kushika mkono wako asiuachie. Na mimi, kwa msionijua, ni muosha maiti. Nilifundishwa na shangazi yangu Ngamiani nikiwa na miaka ishirini, na huku Texas akifa mwanamke wa kwetu mara nyingi naitwa mimi. Hiyo kazi hailipwi wala haina nusu bei. Unaitwa, unakwenda.

Sikufikiri. Mtu akiniuliza leo kwa nini sikufikiri namshangaa. Ungefikiri nini? Mtu amefiwa na mama. Nilimwandalia Majaliwa chai na dawa zake, nikachukua kanga mbili, nikashika barabara. Saa nne za kuendesha, lami inameremeta kwa joto, na mimi ndani ya gari namsomea Bi Mkubwa Yasini kwa nilichohifadhi. Hasira zangu zote na Rukaya nilikuwa nimeziacha Mesquite.

Pale msikitini Houston kuna chumba cha kuoshea maiti. Mama anayekishughulikia siku zote alikuwa amelazwa, wakatupa ufunguo tu. Tukaingia wawili, mimi na Rukaya. Nikamwambia, kama huwezi, kaa nje. Akasema ataweza. Alishika jagi, nikawa namwelekeza, mimina hapa, taratibu, sasa upande huu. Nilimfunika Bi Mkubwa kama inavyotakiwa, nikamuosha chini ya kitambaa, nikiongea naye kwa upole kama shangazi alivyonifundisha, samahani Bi Mkubwa, nakugeuza, tumemaliza sasa hivi.

Nilichokiona pale nilikiona. Rukaya naye alikuwa akikijua, maana nilipofika hapo jagi lilisimama hewani. Tulitazamana. Ni kitu ambacho asiyekuwa ndani ya chumba kile hawezi kukibuni hata akipewa mwaka mzima. Nikaendelea kuosha. Na wewe unayesoma, usijisumbue kuvuta kiti karibu, sikuambii.

Tulipomaliza kumvika sanda tukatoka kwenye bomba la nje kunawa. Rukaya akaniangukia begani akalia mpaka mtandio wangu ukalowa. Halafu akasema, "Usirudi Dallas, dada. Kaa na mimi mpaka hitima, Alhamisi. Nani atanipikia watu? Nani atanishika?"

"Na kazini?"

"Kazini kwa nani? Ofisi si yangu? Nani atakuuliza?"

Hapo ndipo nilipokosea, na nikirudishwa pale leo nitakosea tena vilevile. Wamarekani wote niliofanya nao kazi miaka kumi na moja wangesema, sawa, niandikie ujumbe. Mistari miwili ya simu ilitosha. Lakini niambie wewe uliyelelewa kwetu: mikono yako bado ina maji ya mama wa mtu, umwambie mfiwa nipe ruhusa kwa maandishi? Mdomo ungefunguka? Wangu haukufunguka. Nilimwambia, "Haya, mdogo wangu, nipo."

Bi Mkubwa tulimzika siku hiyohiyo baada ya alasiri. Nikapika Jumanne, nikapika Jumatano. Alhamisi nikachinjiwa mbuzi wawili, nikapika pilau la hitima kwenye masufuria ya kukodi, nyuma ya zile nyumba za Sharpstown, moshi unaniingia machoni, watu zaidi ya mia wakala wakashiba wakamwombea Bi Mkubwa. Rukaya alipita akanibusu kwenye paji la uso mbele ya wanawake wote. "Huyu ndiye dada yangu," akasema. Nikaosha masufuria, nikaondoka.

Ijumaa, siku ya mia na sitini na sita, nikafika ofisini saa mbili kasoro. Kadi yangu haikufungua mlango. Nikajaribu mara tatu. Msichana wa mapokezi akaja na bahasha, hakunitazama usoni. Ndani, karatasi moja. Mfanyakazi Kidawa hakufika kazini siku tatu mfululizo bila taarifa. Kwa mujibu wa kitabu cha kanuni, ukurasa wa saba, amehesabiwa kuwa ameacha kazi kwa hiari yake. Sahihi ni ya Rukaya, tarehe ni ya Alhamisi. Aliiandika siku ya hitima ya mama yake. Pilau langu lilikuwa bado tumboni mwake.

Nilipiga kelele pale mlangoni, siwezi kudanganya. Nilimwita kila jina. Nikampigia simu mara tisa, hapokei. Kupitia kioo nikaona meza yangu ya zamani, na mzee mmoja wa Kimarekani, mweupe, kipara, amekaa anafundishwa kuwasha kompyuta. Alikuwa na kiti kipya kabisa, nailoni haijatolewa.

Ofisi ya ajira wakaniambia nina haki ya kukata rufaa. Nikithibitisha kuwa niliruhusiwa, Rukaya atalazimika kunirudisha kazini au kurudisha kila kitu alichopewa kwa ajili yangu, kwa Clothilde na kwa Mogaka. Nikajua hapo hana pa kukimbilia, atanirudisha, na siku kumi na nne tu zimebaki kufika bima. Kilichotakiwa ni ushahidi.

Nikawapigia wanawake waliokuwa jikoni na mimi. Wa kwanza akasema yeye hakusikia ruhusa yoyote, alisikia kilio tu. Ni kweli, tulikuwa wawili pale bombani. Nikamwambia, basi sema tu kwamba nilimuosha Bi Mkubwa, kwamba niliitwa. Akasema, "Da Kidawa, mume wangu ndiye anayemtengenezea Rukaya magari. Usiniingize." Wa pili akaniambia mambo ya msiba hayapelekwi serikalini. Wa tatu hakupokea. Hao wote walikula kwa mkono wangu, na mmoja alifunga na ya kubeba.

Rufaa ilisikilizwa kwa simu, katikati ya Oktoba, saa nne asubuhi. Niliweka simu mezani jikoni, sauti juu. Majaliwa akakaa mkabala na mimi, amevaa shati la Ijumaa kana kwamba wanamwona. Mwamuzi alikuwa mwanamke, sauti yake ya kuchoka lakini si mbaya. Akatuapisha wote wawili. Nikamsikia Rukaya anaapa kwa Kiingereza chake kizuri.

Nikaeleza yote: simu ya alfajiri, safari, kuosha, maneno ya bombani, mapishi. Nikataja risiti ya mafuta ya Houston niliyoituma mapema. Mwamuzi akamgeukia Rukaya.

"Je, ulimpa ruhusa ya kutokuwepo kazini?"

"Hapana. Nilimpigia kumwarifu msiba, kama nilivyowapigia watu wengi. Kama alikuja Houston, alikuja kwa mapenzi yake. Watu walikuwa wengi mno, sikumwona."

"Anasema alimuosha mama yako, wewe ukiwepo, na ruhusa ulimpa mlipotoka chumbani humo."

Nikasema moyoni, hapa hawezi. Hapa atasita. Mama yake mwenyewe.

"Mama yangu alioshwa na wanawake wa msikitini," Rukaya akasema. "Huyu hakuingia chumba kile."

Majaliwa akapiga meza kwa kiganja. Astaghfirullah. Nilikuwa nimemshika mama yake kichwa kwa mkono huu!

Mwamuzi akaniuliza, taratibu kabisa, "Bi Kidawa, una chochote kinachoonyesha kwamba uliingia chumba kile? Chochote. Kwa sababu kama mwajiri amesema uongo kuhusu hilo, siwezi kumwamini kuhusu mengine."

Nilikuwa nacho. Sentensi moja. Maneno kama manane, nikiyahesabu. Ningeyasema, Rukaya angeanguka kwenye kiti chake kule Mesquite, na mwamuzi angejua, maana kitu kile hakibuniki. Kingeandikwa kwenye karatasi za serikali. Kikarekodiwa. Na kwa jinsi watu wetu walivyo, wiki ile ile kingekuwa kwenye simu zote, Dallas mpaka Houston, Houston mpaka Tanga. Bi Mkubwa angevuliwa kitambaa mbele ya watu wote hao, na mimi ndiye niliyemfunika.

Nikaisikia sauti ya shangazi, siku ile ya kwanza Ngamiani, anakamua maji kwenye kanga. "Ulichokiona kimeingia kaburini naye. Humwambii mumeo, humwambii mwanawe, hata wakikuchoma moto. Huwezi hilo, usiguse maiti ya mtu."

"Bi Kidawa?"

Kwenye simu nilisikia pumzi za Rukaya. Alikuwa anajua ninachokifikiria.

"Ninacho," nikasema. "Lakini siwezi kukisema."

"Huwezi, au hutaki?"

"Vyote viwili."

"Unaelewa nitalazimika kuamua bila hicho?"

Majaliwa akanyoosha mkono juu ya meza, akaupapasa mpaka akaupata wangu. "Sema, Kidawa," akaninong'oneza. "Kwa ajili yangu mimi. Sema." Hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile, miaka thelathini na moja ya ndoa. Nikamtazama lile jicho moja. Nilimchukia Rukaya hapo kwa chuki ambayo sikujua ninayo, kwa sababu yeye ndiye aliyetuweka pale, mimi na mume wangu na mama yake, mezani pamoja.

"Naelewa," nikamjibu mwamuzi.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Imethibitika mfanyakazi aliondoka kwa hiari yake. Mwajiri hana kosa.

Majaliwa hakusema na mimi siku tatu. Ya nne, tunakunywa chai, akauliza, "Hicho kitu kilikuwa kikubwa kiasi hicho?"

"Hakikuwa changu."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Sijui alikubali au alichoka. Ile kalenda ilikuwa bado kwenye friji, akasimama, akapapasa mpaka akaipata, akaing'oa. Nilipata kazi ya usafi usiku, na nyingine ya mchana kwenye ghala, zote bila bima. Mwaka ukaisha. Sasa akimimina chai anatumbukiza kidole kikombeni kujua imefika wapi, na mimi namwangalia nisimsaidie, maana hataki.

Mwezi wa pili, 2020, Jumapili mchana, simu ikalia. Jina la Rukaya sikuwa nimelifuta. Sijui kwa nini nilipokea.

"Shikamoo, da Kidawa."

Sauti ndogo safari hii, haifiki maegesho. Akasubiri marahaba, akaendelea.

"Dada, najua umenikasirikia. Nimepiga kukushukuru. Siku ile kwenye simu ulinisitiri, wallahi sitasahau. Na... hukumwambia mtu mwingine, eti? Hata mzee hapo nyumbani?"

Majaliwa alikuwa kwenye kochi mbele yangu, uso kauelekeza dirishani, kwenye mwanga.

"Sikukusitiri wewe, Rukaya," nikamwambia. "Nimemsitiri mama yako."

Nikakata simu. Shikamoo yake sikuiitikia.